1095 imenigomea kwenye mafuta yaliyoikubali springi: nibadili mafuta gani?

Kipini Kifupi

Wakuu, habari za kazi.

Natengeneza visu kwa mkono, bado najifunza. Tanuri langu dogo, la gesi, halina kipimajoto. Naenda kwa sumaku na rangi. Kuna kisu nilikifua kutokana na pleti ya springi ya gari. Nilikipasha hadi sumaku ikaacha kukishika, nikakiongezea moto kidogo, nikakichovya kwenye mafuta ya alizeti niliyoyapasha kidogo. Tupa niliyojaribia ugumu iliteleza tu, haikupata pa kung'ata. Nikajua suala la mafuta limeisha.

Kisha nikachukua bamba jipya la 1095 (chuma cha kaboni nyingi), lenye lebo yake, nikitaka kisu cha jikoni. Bapa lina unene wa milimita 3. Moto uleule, mafuta yaleyale. Ncha imekuwa ngumu vizuri. Katikati ya makali tupa inang'ata kidogo. Ukisogea upande wa mpini inakula chuma kama hakijawahi kuona moto.

Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu. Mmoja kasema oili chafu ya injini. Wa pili kasema maji ya chumvi. Wa tatu kasema mafuta ya giaboksi, yale mekundu. Na huko mitandaoni wanayataja sana mafuta ya kiwandani yanayoitwa Parks 50. Nani yuko sahihi? Na je, lazima ninunue ya kiwandani?

Kutu Nyekundu

Mkuu, oili chafu haina mpinzani. Ile weusi wake ni kaboni, na kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu. Ukichovya, inaingia kwenye ngozi ya kisu. Sisi tumeitumia miaka yote na visu vinakata.

Fuawe Kongwe

Kipini Kifupi, habari yako imeandikwa vizuri, maana umetaja unene na umetaja kilichotokea ncha na kilichotokea nyuma. Wengi huandika "kisu hakijakaza, nisaidieni" basi. Wewe jibu umelileta mwenyewe bila kujua. Lakini niruhusu kwanza nimalizane na oili chafu.

Ndugu Kutu Nyekundu, visu vyako vinakata, sibishi. Ila havikati kwa sababu ya kaboni ya kwenye oili. Kaboni huingia kwenye chuma taratibu sana. Kuisukuma ndani kwa kina cha milimita moja ni kazi ya masaa, chuma kikiwa kimefukiwa kwenye makaa ya unga na joto likizidi nyuzi 900. Kisu kinakaa kwenye mafuta sekunde ngapi? Na tangu sekunde ya kwanza kinapoa. Weusi unaouona juu ya bapa ni masizi, ukipitisha msasa unaondoka. Kinachoingia kweli ni moshi, na unaingia mapafuni mwako. Oili iliyokwishatumika imebeba chembe za metali kutoka kwenye injini, dawa zenye zinki na fosforasi zilizotiwa kiwandani, na masalia ya kuungua ambayo kitabibu yanahusishwa na saratani. Mimi ndoo hiyo siiruhusu karakana kwangu, na anayekuja nayo naizuia mlangoni.

Sasa turudi kwa kisu chako.

Watu huuliza mafuta kabla ya kuuliza chuma. Kila chuma kina muda wake wa kusubiri. Ukishakipasha hadi kama nyuzi 800, kaboni yote iliyoyeyuka humo ndani imetawanyika. Unapokipoza, kaboni hiyo inataka kurudi kwenye mpangilio wake wa zamani, ule laini. Mahali inapokimbilia haraka kuliko pote ni karibu na nyuzi 540. Ukipita hapo kabla haijawahi, umeshinda: chuma kinabaki kimeduwaa hadi chini, karibu na nyuzi 200, ndipo kinaanza kugeuka kuwa kigumu. Ukichelewa pale juu, hakuna kitu utakachofanya baadaye kitakachokirudisha, ila kukipasha upya.

1095 inakupa chini ya sekunde moja kutoka 800 hadi kupita 540. Narudia, chini ya sekunde moja. Ina kaboni karibu asilimia 0.95 na manganizi kidogo mno, asilimia 0.3 hadi 0.5, na kromi hakuna kabisa ya kuhesabika. Pleti za springi za gari, mara nyingi, ni jamii ya 5160 au ndugu zake: kaboni karibu 0.6, manganizi karibu mara mbili ya ile ya 1095, na kromi kama 0.8. Kromi na manganizi ndizo zinazoichelewesha kaboni kurudi. Kwa hiyo springi inakusubiri sekunde kadhaa, unachovya kwa mafuta ya uvivu na bado inakubali. Ndiyo maana watu wengi wanaamini mafuta yao ni mazuri: wamezoea chuma chenye subira.

Angalia ncha yako. Ni ngumu kwa sababu ni nyembamba, joto lake lilitoka mara moja. Upande wa mpini ni mnene, joto lilibaki ndani, muda wa kusubiri ukaisha. Kwa bapa la milimita 3 la 1095, mafuta yako yako ukingoni: mahali pembamba yanaweza, mahali panene hayawezi.

Kuhusu mafuta yenyewe. Chuma chenye moto kikiingia kwenye maji au mafuta kinapitia hatua tatu. Kwanza kinazungukwa na utando wa mvuke, na utando huo unazuia joto kutoka. Ni kile kitone cha maji kinachokimbiakimbia juu ya kikaango cha moto badala ya kukauka papo hapo. Pili utando unapasuka, mafuta yanagusa chuma na kuchemka, na hapo ndipo joto linapotoka kwa fujo. Tatu mchemko unaisha, joto linatoka taratibu kwa mafuta kuzunguka tu. Mafuta mazuri ya kisu ni yale yenye hatua ya kwanza fupi sana na ya tatu ya upole. Yale ya kiwandani ya kasi yametiwa dawa za kuvunja utando mapema. Mafuta ya mimea yana bahati ya asili, utando wake ni mfupi sana au haupo, ndiyo maana kanola, alizeti na karanga hufanya kazi kuliko bei yake inavyoonyesha. Udhaifu wake ni uzito. Yakiwa ya baridi yanajivuta.

Viwandani kasi hupimwa kwa mpira mdogo wa nikeli. Unapashwa hadi nyuzi 885, unatumbukizwa, wanahesabu sekunde hadi unapofika nyuzi 354, ambapo nikeli huanza tena kushikwa na sumaku. Mafuta ya kasi huchukua kama sekunde 7 hadi 9, na Parks 50 yumo humo. Ya wastani kama 11 hadi 14. Ukisoma kwenye karatasi ya mafuta "sekunde 9", ujue ni za mpira huo. Si muda wa kukiacha kisu chako ndani. Nimeshaona watu wakihesabu moja hadi tisa kwa sauti kisha wanakitoa.

Kwa hiyo jibu: hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliye sahihi kwa 1095. Kama unataka kubaki na 1095, mafuta ya kasi ya kiwandani ndiyo yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Kama hutaki kununua mafuta, badili chuma. Chukua 1084. Ina kaboni kama 0.84, manganizi ya kutosha, na kwenye kanola au alizeti ya nyuzi 50 inakaza kwa visu vya unene huu. Ningekuwa mimi, kwa mtu anayejifunza na tanuri lisilo na kipimajoto, ningebadili chuma kwanza.

Bapa Jembamba

Mzee Fuawe, heshima yako, lakini maji ya chumvi umeyapita haraka. Wafua panga wa Japani wanachovya kwenye maji na chuma chao ni cha kaboni tupu kama 1095. Nami nimekaza 1095 kwa maji ya chumvi yaliyopashwa, ikatoka ngumu kama kioo.

Fuawe Kongwe

Kwa ugumu una haki. Chumvi huvunja ule utando wa mvuke, maji ya chumvi yanapoza kwa haraka kuliko mafuta yoyote. Tatizo haliko kwenye joto la juu, liko kwenye la chini. Nimesema chuma kinaanza kugeuka karibu na nyuzi 200. Kinapogeuka kinatanuka. Kama sehemu nyembamba imeshageuka na sehemu nene bado, zinavutana, na chuma cha wakati huo hakina unyumbufu wowote. Mafuta, kisu kikifika joto hilo, yameshapoa ukali. Yanakiacha kisu kigeuke taratibu. Maji bado yanakimbiza vilevile. Ule mlio wa "ting" unaousikia kutoka kwenye ndoo ndio huo.

Na wale wafuaji wa Japani hupaka udongo mgongoni kwanza, ili mgongo upoe polepole na ubaki laini, makali peke yake ndiyo yakaze. Hata hivyo, kupoteza panga kwenye maji ni sehemu ya kazi yao. Mtu aliyesaga kisu cha jikoni siku nzima hadi makali yakawa membamba hana sababu ya kucheza bahati nasibu hiyo wakati mafuta ya kasi yapo.

Kipini Kifupi

Shikamoo mzee. Nimeelewa habari ya muda wa kusubiri, sikuwahi kuelezwa hivyo. Nina maswali ya ziada.

Hayo mekundu ya giaboksi ni mepesi, si yatatembea haraka kuliko alizeti? Na kuna jamaa kaniambia nichanganye alizeti na dizeli kidogo ili yawe mepesi. Pia, nipashe mafuta hadi wapi, na yawe kiasi gani?

Halafu hili la mwisho. Usiku nilichukua kile kisu cha 1095, nikapitisha msasa mkali palepale tupa ilipokuwa inang'ata kidogo. Chini ya ngozi pamekuwa pagumu! Si pote, lakini karibu nusu ya makali sasa tupa inateleza. Upande wa mpini bado laini. Maana yake nini?

Fuawe Kongwe

Marahaba.

Hilo la mwisho ndilo zuri, nianze nalo. Chuma kikikaa motoni penye hewa, ngozi yake hupoteza kaboni. Inakuwa kama ganda jembamba la chuma laini juu ya chuma kigumu. Tupa ikigusa ganda inakudanganya. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mafuta mtu aondoe ngozi kwanza, sehemu ya kumi au mbili za milimita, ndipo apime. Wewe una mambo mawili kwa pamoja: ganda katikati, na kuchelewa kwa kweli upande wa mpini. Ganda linapunguzwa kwa kurekebisha moto wa tanuri usiwe na hewa ya ziada, yaani ulimi wa moto uchungulie nje kidogo mlangoni, na kwa kutokiacha kisu humo kikizubaa.

Kuna jingine la kukagua pia, sumaku. Inaachia kwenye nyuzi 770. Kwa 1095 hapo bado, inataka kama 800. "Nikakiongezea kidogo" inaweza kuwa 790 na inaweza kuwa 870. Ikizidi, chembe za chuma zinakua na kisu kinakuwa cha kuvunjika. Angalia kivuli: chuma kinapokuwa kinageuka ndani, utaona kama wingu jeusi linatembea juu ya wekundu. Wingu likishapita na rangi ikawa moja kutoka msuka (mkia unaoingia kwenye mpini) hadi ncha, hesabu pumzi chache, toka. Fanya kazi penye giza kidogo, jua linaficha rangi. Na ndoo iwe hapo hapo miguuni pa tanuri. Makali membamba yanapoa hewani upesi, mtu anatembea hatua nne na koleo mkononi halafu analaumu alizeti.

Mekundu ya giaboksi: mepesi ndiyo, na springi yatakukazia. Lakini yametengenezwa yakae kwenye gia. Kasi yake kwa chuma cha moto haijaandikwa popote kwenye mkebe, na yana dawa ambazo moshi wake siutaki. Kwa 1095 hayatakuzidishia chochote juu ya alizeti uliyo nayo.

Dizeli, hapana. Usiichanganye kwenye chochote kitakachoguswa na chuma cha nyuzi 800. Mafuta ya mimea yanahitaji zaidi ya nyuzi 300 ndipo mvuke wake ushike moto. Dizeli inashika kwenye joto la chini sana ya hapo, na ndoo nzima inafuata. Wepesi unapatikana bila hiyo: pasha. Alizeti ya nyuzi 50 hivi inatembea vizuri na inapoza haraka kuliko ya baridi, japo mtu akisikia hivyo anadhani nimekosea. Tumbukiza kipande cha chuma chakavu chenye moto, koroga, pima kwa kipimajoto cha jikoni. Ila sheria hiyo usiihamishie kwenye mafuta ya kasi ya kiwandani. Parks 50 imeshatengenezwa nyepesi, inatumika kwa joto la chumbani, na usiivushe nyuzi 50.

Kiasi: watu wa kazi wanahesabu kama lita 8 kwa kila kilo moja ya chuma. Kisu chako hakifiki gramu 300, kwa hiyo kwa hesabu unahitaji lita mbili na nusu tu, lakini kina ndicho kitakachokuongoza. Chombo kirefu, chembamba, cha chuma, chenye kifuniko cha chuma. Plastiki isikaribie. Ingiza ncha kwanza, wima, mara moja hadi msuka. Sehemu ikibaki nje ya mafuta, moto unawakia pale pale kisu kinapokutana na uso. Ukishaingiza kisogeze juu na chini, au mbele na nyuma kwa upande wa makali. Usikipunge kushoto na kulia, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na kisu kitapinda.

Na maji. Kama kuna kikombe cha maji chini ya mafuta yako, siku yakipata moto yatageuka mvuke na kutupa mafuta yote nje, yakiwaka. Ndoo isiyofunikwa ikinyeshewa, mwaga.

Mkono wa Mbao

Niongeze kidogo juu ya utunzaji. Mimi natumia kanola. Ikikaa miezi inaanza kunuka na kuwa nzito, na pembeni mwa chombo kunaganda kitu kama gundi ya njano. Hapo haipozi tena kama mwanzo. Naichuja kila baada ya kazi kuondoa magamba ya chuma, naifunika isipate hewa na mwanga, na ikianza kunata vidoleni nabadili. Ya nazi na ya mawese niliacha, yanaganda hali ya hewa ikipoa na kila mara lazima uyayeyushe ndipo uanze kazi.

Kwa wanawake wenzangu na wote wenye nywele ndefu: fungeni. Moto wa ndoo unapanda juu ghafla.

Kutu Nyekundu

Mzee, hoja ya moshi nimeikubali. Ya kaboni bado naitafakari.

Fuawe Kongwe

Itafakari ukiwa na msasa mkononi. Chukua msumari wa kawaida, ule laini, upashe moto, uchovye kwenye oili yako nyeusi, kisha ukunje. Utakunjika.

Kipini Kifupi

Asanteni wote. Nimeamua hivi: bamba la 1095 naliweka kando hadi nipate mafuta ya kasi. Naagiza 1084, natumia alizeti kwa nyuzi 50. Hiki kisu kilichokaza nusu nikifanyeje? Nikirudishe motoni? Na baada ya kuchovya, nikiache kipumzike hadi kesho yake ndipo nikitempe, yaani nikipashe kwa moto mdogo kisiwe cha kuvunjika?

Fuawe Kongwe

Usisubiri kesho. Kikitoka kwenye mafuta na unaweza kukishika kwa mkono mtupu, kifute, kagua kama kimepinda, kiingize kwenye oveni. Kisu kilichokaza bila kutempwa kinaweza kupasuka kikiwa mezani, hakuna aliyekigusa. Nyuzi 200, masaa mawili, kitoe kipoe, rudia tena masaa mawili. Oveni za nyumbani hudanganya, weka kipimajoto cha pembeni ndani yake. Kwa 1084 utabaki na ugumu wa karibu 60 kwenye kipimo cha Rockwell, unatosha jikoni. Kama kimepinda kidogo, kuna dakika ya kukinyoosha kwa mikono yenye glavu kabla hakijashuka chini ya nyuzi 200; ukichelewa usilazimishe, kitempe kwanza ndipo ukinyooshe kwa kukibana kwenye raundi ya pili ya oveni.

Hicho cha nusu, ndiyo, kirudishe. Kwanza kipashe hadi wekundu kidogo juu ya pale sumaku inapoachia, kiache kipoe hewani hadi kiwe cheusi. Kisha rudia mara mbili, kila mara moto uwe pungufu kidogo kuliko wa kwanza. Hiyo inazirudisha chembe ziwe ndogo. Halafu upande wa mpini upunguze unene, na makali yabaki kama nusu milimita, yasiwe membamba zaidi. Kwa alizeti huenda makali yakakaza yote na mgongo ukabaki laini. Kwa kisu cha jikoni hilo halina ubaya.

Kabla ya vyote hivyo kata kipande cha 1095 cha urefu wa kidole, unene uleule, kichovye kama utakavyokichovya kisu, usikitempe, kibane kwenye jiliwa, kifunike na kitambaa, vaa miwani, kivunje kwa nyundo. Ndani pakiwa pa kijivu laini, moto wako ni sawa. Pakimetameta kama sukari, ulizidisha moto. Kikikunjika badala ya kuvunjika, mafuta hayakuwahi. Weka picha ya mpasuko hapa, ukiipiga kwa mwanga wa pembeni.